Je, wajua kwa nini ruta husahau kazi ya jioni na kukumbuka nywila ya zamani?

Jioni moja, kwenye saiba huko Kondele, Kisumu, nilibadilisha mipangilio ya ruta, kifaa kinachosambaza intaneti, na kila kompyuta ikapata intaneti. Usiku stima ikapotea. Asubuhi ruta iliwaka vizuri, na nywila ya zamani bado ilikubali, lakini kazi yangu ya jioni haikuwepo. Nikadhani kifaa kimeharibika.

Hakikuharibika. Nilikuwa nikiamini kwamba ruta ikishatii amri, imeihifadhi. Kutii na kuhifadhi ni mambo mawili, na hufanyika mahali pawili. Katika ruta za kampuni ya Cisco, kwa mfano, amri unayoiandika huanza kazi papo hapo ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda inayosahau stima ikipotea. Nakala inayosomwa kifaa kinapowaka iko kwingine, katika NVRAM, kumbukumbu isiyosahau stima ikipotea, na haiguswi mpaka uiagize ruta inakili humo mipangilio ya sasa. Nywila ile ilibaki kwa sababu kuna mtu aliwahi kuihifadhi. Wengi wetu hulaumu stima, ilhali hata kuizima ruta kwa mkono kungefuta kazi ile. Mafundi hunufaika na tabia hiyo: ukikosea amri ukajifungia nje kabla ya kuhifadhi, zima na uwashe, mipangilio ya awali itarudi.

Ruta ina kumbukumbu nyingine mbili zisizosahau stima ikipotea. ROM hubeba programu fupi ya kuamsha kifaa. Flashi hubeba mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kifaa.

Lakini kwa nini RAM isahau? Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Kila biti, yaani moja au sifuri, ni chaji ya umeme ndani ya kapasita ndogo mno, kijisehemu cha kuweka chaji, na kapasita hiyo huvuja. Chukulia muuza maji wa soko la Kibuye mwenye mitungi yenye nyufa. Mtungi wenye maji ni moja, mtupu ni sifuri. Lazima apite akichungulia kila mtungi, na wenye maji aujaze tena kabla haujakauka. RAM ya kawaida hupitiwa yote hivyo kila milisekunde 64, hata stima ikiwepo. Kuvuja hakukomi kamwe. Stima ikipotea, anayeondoka ni mjazaji.

Flashi hutumia chaji vilevile, ila imezingirwa na kihami, kitu kisichopitisha umeme, pande zote, kama chupa iliyozibwa kwa nta, hivyo hukaa miaka. Lakini kuiandika ni polepole, na kila kufuta huchosha kihami, kwa hiyo jedwali la njia, orodha ya njia za kupitishia data inayoweza kubadilika wakati wowote, huwekwa kwenye RAM.

Jina NVRAM nalo lisikupotoshe: katika vifaa vingi vya sasa ni sehemu tu ya flashi. Ruta ndogo za nyumbani kwa kawaida huandika humo unapobonyeza kuhifadhi. Kile kitufe cha nyuma, kinachoshikiliwa kwa sekunde kadhaa, hufuta mipangilio hiyo na kuuacha mfumo endeshi ulipo.