Mibuni chotara ya Nikaragua haina jeni za wanyama

"Tahadhari! Kahawa mpya ya Nikaragua imetengenezwa maabara kwa jeni za wanyama." Ujumbe wa aina hii unaweza kukufikia kwenye magrupu ya simu. Si kweli. Hakuna kahawa ya uhandisi jeni, yaani iliyobadilishwa jeni zake maabara, inayouzwa sokoni.

Aina ya Centroamericano, inayolimwa huko, ni chotara wa kawaida. Mzazi mmoja ni Rume Sudan, mbuni wenye asili ya Sudan Kusini. Mwingine ni T5296, wa ukoo unaostahimili kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia mibuni. Katika uchotarishaji, mtaalamu hulifungua ua kabla halijachanua, akaondoa sehemu za kiume kwa kibano, akapaka chavua ya mzazi wa pili, kisha akalifunika.

Maabara ipo, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Mbegu za chotara huyu hazitoi miche inayofanana na mama, hivyo miche huoteshwa kutokana na tishu za jani, kwa njia inayofanana na ile ya kuzalisha migomba kwa tishu maabara. Jeni ngeni haziingizwi.

Ukitaka kuhakiki, tafuta jina la aina hiyo kwenye orodha za aina za kahawa, usome wazazi wake. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze: mlipuko wa kutu ya majani wa mwaka 2012 uliwaumiza sana wakulima wa Amerika ya Kati, na wanaihitaji miche hii.