Je, Wajua Ni Nani Hasa Hulipia Usalama wa Viwanja vya Ndege Marekani?

Abiria anayeondoka New York kurudi Nairobi, akiisoma tiketi yake kwa makini, ataona katika orodha ya kodi na ada herufi AY, na kando yake dola 5.60. Hiyo ni ada ya usalama, nayo inasaidia kujibu swali ambalo wasafiri wachache hujiuliza: ikiwa viwanja vya ndege vya abiria nchini Marekani kwa sehemu kubwa ni mali ya miji, kaunti na mamlaka za mitaa, kwa nini serikali kuu ndiyo inayotoa ruzuku ya kuvijengea uzio, milango ya kufunguliwa kwa kadi na mitambo ya kukagulia mizigo?

Sababu ya kwanza ni jinsi safari zenyewe zinavyounganishwa. Abiria aliyekwisha kukaguliwa katika kiwanja kidogo cha ndani, akishuka katika kiwanja kikubwa ili apande ndege nyingine ya ndani, kwa kawaida hakaguliwi tena, kwa hiyo udhaifu wa kiwanja chenye ndege tatu kwa siku ni udhaifu wa Chicago na Atlanta pia. Kiwanja kidogo hakina mapato ya maduka na maegesho ya kutosha kubeba jukumu hilo peke yake. Ndiyo maana katika mpango wa ruzuku ulioanzishwa mwaka 1982 chini ya FAA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usafiri wa anga, viwanja vikubwa kwa kawaida hulipiwa asilimia 75 ya gharama, ilhali vidogo hulipiwa asilimia 90 au zaidi. Uzio ni miongoni mwa vitu vinavyolipiwa, na kazi yake si kuzuia wahalifu tu, kwani huzuia pia kulungu wasiingie kwenye njia ya kurukia.

Fedha za mpango huo hutoka katika mfuko maalumu ulioundwa mwaka 1970, ambao hujazwa kwa kodi za tiketi na za mafuta ya ndege. Neno ruzuku, kwa maoni yangu, linapotosha kidogo hapa, maana anayetoa fedha tangu mwanzo ni msafiri.

Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliuelemea mfuko huo. Katika mwaka wa fedha wa 2002 zaidi ya dola milioni 500, takriban asilimia 17 ya ruzuku zote za mpango huo, zilikwenda kwenye usalama, na baadhi ya kazi za ujenzi zikalazimika kusubiri. Wakati huohuo sheria iliyotiwa saini Novemba 2001, iliyounda mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, iliagiza mizigo yote inayowekwa tumboni mwa ndege ikaguliwe kwa ajili ya mabomu kufikia mwisho wa 2002. Mitambo yenye ukubwa wa gari dogo ikasimamishwa katikati ya kumbi za abiria, kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine. Kuihamishia nyuma, kwenye mikanda ya mizigo, kulihitaji kubomoa kuta na kuimarisha sakafu, na mara nyingi ujenzi huo ndio ulioleta gharama kubwa kuliko mtambo wenyewe. Mwaka 2003 Bunge likaanzisha mfuko wa pekee wa kazi hizo, wa dola milioni 250 kwa mwaka, unaotokana na ada ya usalama.

Ada hiyo ilianza Februari 2002 kwa dola 2.50 kila mara abiria apandapo ndege, bila kuzidi dola 5 kwa safari ya upande mmoja, na tangu Julai 2014 ikawa dola 5.60 kwa safari hiyo, hata akibadilisha ndege njiani. Hata hivyo, si yote inayofika kwenye mitambo na walinzi: sheria ya bajeti ya mwaka 2013 iliagiza sehemu ya makusanyo yake ipelekwe kupunguza nakisi ya bajeti ya serikali, na viwanja vya ndege vimekuwa vikiilalamikia hatua hiyo.