Protini mbili zinaposhikana, kompyuta inatuambia nini?

Wanafunzi wangu hapa Moshi huniletea mara kwa mara picha ya protini mbili zilizoshikana, iliyokadiriwa na AlphaFold, programu ya kompyuta inayokadiria maumbo ya protini, wakiamini kwamba alama ya juu iliyotolewa na programu inathibitisha kuwa protini hizo hushikana kwa nguvu. Alama hiyo haisemi hivyo. Inaonyesha programu inauamini kwa kiasi gani mkao iliouchora, na mkao ulio sahihi kabisa waweza kuwa wa protini zinazoshikana kwa kitambo kifupi kisha zikaachana. Kwa mfano, RH5, protini ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hushika basijini, protini iliyo juu ya chembe nyekundu ya damu, kwa nguvu ndogo tu, na bila mshikamano huo kimelea hakiingii.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa barnase na barstar, protini mbili za bakteria. Barnase hukata RNA, molekuli ambayo chembe hai huihitaji ili kutengeneza protini, kwa hiyo bakteria anayeitengeneza hujikinga kwa barstar, ambayo huziba mahali pale pale pa kukatia. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kila moja hupewa namba ya nafasi yake: asidi ya aspatiki namba 39 ya barstar, yenye chaji hasi, huzama humo na kukutana na arginini namba 83 na 87 za barnase, zenye chaji chanya. Ibadilishe hiyo asidi ya aspatiki iwe alanini, asidi amino isiyo na chaji: vipimo vya maabara vitaonyesha mshikamano umedhoofika mno, ilhali programu yaweza kukuchorea mkao ule ule kana kwamba hakuna kilichoondolewa.

Haishangazi, kwa kuwa programu imejifunza kutokana na miundo iliyohifadhiwa katika Protein Data Bank, hazina ya miundo ya protini, tangu 1971, na pia hulinganisha protini za viumbe vingi, ikitafuta mahali ambapo badiliko la upande mmoja huandamana na badiliko la upande wa pili. Asidi moja uliyoibadilisha wewe haifuti ushahidi wa jamii nzima ya protini. Kwa kingamwili hali ni ngumu zaidi, maana kingamwili haikubadilika pamoja na protini ya kimelea vizazi kwa vizazi. Mwili wa kila mgonjwa huitengeneza upya. Kwetu tunaotamani chanjo bora ya malaria, hilo ndilo pengo linaloumiza.

Kwa sababu hiyo nawasisitizia wanafunzi waitumie picha kuchagua asidi mbili au tatu za kubadilisha kwenye eneo la mgusano, kisha nguvu ya mshikamano ipimwe maabara, protini iliyobadilishwa ikiwekwa sambamba na ile ya asili.