Sed iliyotuangushia malipo

Tulikuwa tunahamisha programu kutoka seva ya 10.0.0.1 kwenda 10.0.0.9. Anwani ya zamani ilikuwa imetapakaa kwenye mafaili ya mipangilio ya Nginx (programu inayopokea wageni wa tovuti na kuwapeleka kwenye seva husika), na kuyafungua moja moja kwa kihariri cha nano ni kujitafutia makosa. Nikatumia sed, amri ya kubadilisha maandishi kwenye mafaili mengi kwa mpigo, nikapakia Nginx upya:

sed -i 's/10.0.0.1/10.0.0.9/g' /etc/nginx/sites-enabled/*

Kimya. Haikupita muda, ukurasa wa malipo ukaanza kutoa kosa la 502, yaani Nginx haipati jibu sahihi kwa seva iliyo nyuma yake.

Seva ya malipo ilikuwa 10.0.0.15. Sed haijui namba, inajua herufi tu: imeona 10.0.0.1 mwanzoni mwa 10.0.0.15, ikaibadilisha, ile 5 ikabaki ilipo. Tukapata 10.0.0.95, anwani isiyo na mwenyewe. Halafu nukta kwa sed maana yake ni "herufi yoyote ile", kwa hiyo hata 10-0-0-1 kwenye jina la faili la logi ingebadilishwa.

Kosa la pili lilijificha hadi kesho yake. Kwenye Debian na Ubuntu, vilivyomo ndani ya sites-enabled kwa kawaida ni viungo tu (symlink), majina yanayoelekeza kwenye faili lililo kwingine. Mafaili yenyewe yako sites-available. Sed -i huandika faili jipya pembeni, kisha hulipa jina la lile la zamani. Viungo vyangu vyote vikageuka mafaili kamili, yasiyofungamana tena na sites-available. Mwenzangu akahariri sites-available asubuhi nzima, hakuna kilichobadilika, akadhani amerogwa.

Siku hizi naanza kwa kutafuta kwa grep, naweka nakala, nabadilisha, kisha nalinganisha kwa diff kabla ya kupakia upya:

grep -rnF '10.0.0.1' /etc/nginx
cp -a /etc/nginx ~/nginx-kabla
sed -i 's/\b10\.0\.0\.1\b/10.0.0.9/g' /etc/nginx/sites-available/*
diff -r ~/nginx-kabla /etc/nginx
nginx -t && systemctl reload nginx

Mkwaju wa nyuma (\) kabla ya nukta huifanya iwe nukta kweli, na \b, yaani mpaka wa neno, huzuia 15 isiguswe. Nakala naiweka kwenye folda yangu ya nyumbani (~), situmii -i.bak (inayoacha nakala ya .bak hapo hapo) ndani ya sites-enabled, maana Nginx husoma kila kilichomo humo, .bak nayo ikiwemo.

Diff usiiruke. Nginx -t hukagua sarufi na kama mafaili yaliyotajwa yanafunguka, haijui kama anwani ni sahihi, na 10.0.0.95 kisarufi haina kasoro yoyote. (Wa Mac: sed yenu inataka -i '' na hiyo \b inaweza isiitambue. Jaribieni kwenye seva ya Linux.)