"Fulani ana mkono": yanayosemwa kuhusu biskuti za nyumbani, na ukweli wake

"Mwache mama Fulani atuokee, yeye ana mkono." Kila Idi ikikaribia maneno haya husikika, na wengi wakishayasikia huishia kununua biskuti za dukani. Inaaminika kuna watu waliozaliwa na mkono wa kuoka, na kuna wengine ambao hata wakeshe jikoni watatoa mawe.

Mtazame huyo mwenye mkono akiwa kazini. Ana kikombe chake kimoja, hakibadilishi, na unga huutia kwa kijiko mpaka kijae kisha huukata juu kwa kisu. Kikombe cha kawaida kilichojazwa hivyo hubeba gramu 120 hadi 125. Wewe ukikichovya kikombe hicho hicho ndani ya mfuko na kukishindilia, kinafika gramu 150 au kupita. Kwa vikombe 4 umeshazidisha gramu 100 na ushei, karibu kikombe kizima ambacho hukukihesabu. Biskuti zinatoka kavu, zina nyufa, halafu unasema huna mkono. Nunua mzani mdogo wa jikoni na maneno hayo utayasahau.

Kuna agizo moja la kwenye mapishi ambalo limewaponza wengi zaidi, nalo linaonekana halina neno: "siagi iwe na joto la chumba." Mtu wa Mombasa au Dar anaiacha siagi mezani tangu asubuhi, adhuhuri anaikuta inang'aa mafuta, anaona imekuwa tayari. Aliyeandika mapishi hayo mara nyingi yuko Uingereza au Marekani, na chumba chake kina nyuzi 18 hadi 20. Chetu mwezi wa Machi kina 30 na zaidi, na siagi huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi. Siagi iliyokaribia kuyeyuka haishiki hewa unapoipiga na sukari, na ikiingia motoni inatiririka kabla unga haujapata muda wa kushikamana. Ndiyo maana biskuti 20 zinageuka sinia moja la chapati tamu. Lawama zinakwenda kwa oveni, mara kwa unga, mara kwa jicho la jirani. Dawa ni friji: donge likishakuwa tayari lilaze humo nusu saa, na usipange duru ya pili juu ya trei ambayo bado ni moto.

Papo hapo kuna dhana ya pili, kwamba samli, siagi na majarini ni mafuta tu, chochote kitafaa. Siagi ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Samli ni mafuta karibu matupu. Mapishi yakitaka siagi gramu 100 nawe una samli, anza na gramu 80, na donge likiwa kavu ongeza kijiko cha maziwa. Majarini laini ya kupaka mkate ndiyo ya kuogopa, maana nyingine zina maji mengi kuliko unavyodhani. Soma kopo lake: mafuta yakiwa chini ya nusu, utapata kitu kati ya biskuti na mkate.

Sasa vileja. Vileja vya unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki vikimomonyoka, utaambiwa hukukanda vya kutosha. Hata ukikanda hadi magharibi hutapata kitu. Unga wa ngano ukipata maji na kukandwa hutengeneza nyuzi za gluteni, zile zinazoifanya chapati ivutike. Mchele hauna gluteni. Kinachovishikilia vileja ni samli na yai, na huko kumomonyoka mdomoni ndiko kunakotafutwa. Kwenye biskuti za ngano mambo yanageuka: ukikanda kama donge la chapati unazijenga hizo nyuzi, na biskuti inakuwa ngumu kutafuna. Changanya mpaka unga mkavu usionekane, basi, toa mkono.

"Sina oveni" ni udhuru, na bibi zetu wangeucheka. Sufuria nzito, mfuniko bapa wa bati, mkaa chini na mkaa juu, na vileja vimepaliwa hivyo tangu zamani. Kosa la wengi ni kuweka moto sawasawa, au mwingi chini. Chini chuma hugusana na trei moja kwa moja na huunguza haraka. Juu joto lazima livuke hewa kwanza. Kwa hiyo makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini yabaki machache yaliyoanza kuota majivu. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria, trei ikae juu yake, joto litatulia.

Soda ya kuokea na bekin pauda hazibadilishani kijiko kwa kijiko. Soda ina nguvu kama mara tatu, nayo inahitaji kitu kichachu cha kuiamsha: mtindi, ndimu au asali. Bekin pauda imeshachanganywa na tindikali yake. Kama unashuku ya kwako imekufa, tia kijiko kidogo kwenye maji ya moto. Isipotoa povu, itupe. Magadi ya kulainishia maharage yaache kwenye maharage. Yana ukali unaoipa biskuti ladha ya sabuni.

Kuonja donge bichi, je? Watu wanalaumu yai, wakitoa yai wanajiona salama. Unga wenyewe ni nafaka mbichi iliyosagwa, na kwa kawaida haupitishwi motoni kuua vijidudu. Marekani mwaka 2009 watu waliugua kwa bakteria wa E. koli waliohusishwa na donge bichi la biskuti la dukani, na mwaka 2016 mlipuko mwingine ulifuatiliwa hadi kwenye unga wenyewe. Mtoto anayelamba mwiko mpe biskuti iliyoiva.

Na huyo mtoto akishakula visheti na biskuti za nyumba tatu akaanza kukimbia ukumbini, shangazi atasema ni sukari. Mwaka 1995 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 ambayo watoto, wazazi na watafiti hawakujua nani amepewa sukari na nani hakupewa. Sukari haikuonekana kubadilisha tabia ya watoto. Jaribio jingine la 1994 linachekesha zaidi: akina mama walioambiwa wanao wamepewa sukari waliwaona watundu kupita kiasi, na hali watoto hawakupewa hata chembe. Idi ni nguo mpya, binamu kumi ndani ya nyumba na pesa za sikukuu mfukoni; kipi kingine kinahitajika ili mtoto apande juu ya makochi? Meno ni jambo lingine, hapo shangazi ana haki.

Mwisho, ugumu. Biskuti ikitoka motoni laini si lazima iwe mbichi. Huwa ngumu inapopoa, mafuta na sukari vikishaganda. Ukingoja ikauke ndani ya oveni, ikipoa utahitaji kinu. Itoe kingo zikipiga rangi ya dhahabu hata kama katikati panabonyea, iache kwenye trei dakika 5, kisha ihamishe kwenye wavu. Usiifungie ingali na joto, maana mvuke wake utailainisha usiku kucha ndani ya kopo. Na hewa ya pwani ikishaziharibu, usizitupe: zirudishe kwenye moto wa nyuzi 150 kwa dakika 5, zipoe wazi kabisa, ndipo ufunike.