Mnara wa Salisbury na msingi usioandaliwa kwa ajili yake

Anayefika Salisbury, kusini mwa Uingereza, hukunja shingo kutazama mnara wa kanisa kuu: mita 123, mrefu kuliko wa kanisa lolote lingine nchini humo. Mtu wa fani ya majengo huanzia chini. Msingi wake una kina cha mita 1.2 hivi tu, tena umelazwa juu ya changarawe yenye maji, bondeni karibu na mto Avon.

Waliouchimba hawakuwa wazembe. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 28 Aprili 1220, baada ya Askofu Richard Poore kuhama kilima cha Old Sarum, lilikokuwa kanisa kuu la awali, alikochoshwa na upepo, uhaba wa maji na ugomvi na askari wa ngome. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1258. Miaka 38 kwa jengo la ukubwa ule ilikuwa kasi ya ajabu, na ndiyo maana karibu lote ni la mtindo mmoja, Gothi ya awali ya Kiingereza: madirisha membamba yenye ncha, nguzo zilizozungukwa na fito za jiwe la Purbeck, la rangi iliyokoza, lililong'arishwa. Katikati palikuwa na mnara mfupi uliochungulia tu juu ya paa. Kwa mzigo huo, msingi ulitosha.

Mwanzoni mwa karne ya 14 mnara uliongezwa kimo, kisha ukavishwa ncha ya mawe yenye pembe nane. Tani zipatazo 6,500 zikaziangukia nguzo nne ambazo hazikuandaliwa kuzibeba. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa ujasiri uliokaribia ukaidi. Mafundi wenyewe hawakuwa vipofu: kuta za ncha walizipunguza unene kadiri walivyopanda, hadi sentimita 20 hivi, na ndani wakaacha jukwaa lao la mbao, ambalo lingalipo. Nguzo zilipinda hata hivyo.

Tangu hapo kazi imekuwa kuegemeza na kufunga. Yaliongezwa matao ya kukingama ndani ya mbawa za kanisa ili nguzo zisisukumwe pembeni, na mikanda ya chuma kuubana mnara. Mwaka 1668 msanifu majengo Christopher Wren aliupima akakuta ncha imeinama sentimita 75 hivi kuelekea kusini-magharibi, akashauri chuma zaidi kiongezwe. Vipimo vilivyofuata havikuonyesha kusogea kwa kutia hofu. Maji ya ardhini nayo huchunguzwa: sakafuni kuna tundu dogo ambamo hutumbukizwa fimbo kuona yamefika wapi.

Ukipata nafasi ya kuingia, simama chini ya mnara, ukaribie nguzo mojawapo na kuifuata kwa macho kutoka chini hadi juu. Mpindo wake utauona bila timazi.