Kuvutiwa na mtu si lazima kumtaka

Pale Nyerere Square, Dodoma, kijana akisema tu kwamba dada anayeuza zabibu ana sura nzuri, wenzake wanafunga kesi: "Keshanasa!" Kana kwamba macho hayana kazi nyingine ila kutongoza.

Unaweza kufurahia kumtazama mtu kama unavyotazama machweo nyuma ya mibuyu ya Ugogo, ukaishia hapo. Mwingine anakuvuta kwa akili: mnabishana hadi kahawa inapoa, na kesho unamtafuta tena. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliwavuta watu hadi Ulaya kwa sauti na ilimba yake, ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Wote walitaka posa?

Mguso ndio unaozua maneno zaidi. Mwaka 1958 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Harlow, alieleza majaribio yake kwa watoto wa kima waliotenganishwa na mama zao. Waliwekewa mama bandia wawili, wa waya na wa kitambaa. Hata maziwa yalipokuwa kwa yule wa waya, walinyonya tu, kisha wakarudi kumkumbatia wa kitambaa kwa saa nyingi. (Ukatili, kusema kweli.) Kiu ya kushikwa, basi, inajitegemea. Wanaume wanaopita soko la Majengo wameshikana mikono wakipiga soga wanalijua hilo bila maabara.

Hisia hizi huweza kuchanganyika, sikatai. Lakini yupo pia yule ambaye simu yake ikiita moyo unaruka, na unachotamani ni usahiba wake tu.